Mambo ya Nyumbani: Maji ya Samaki Gupi

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za viumbe wadogo sana ambao watoto wetu wamejifunza kuwapenda: samaki wale wenye mikia ya rangi waitwao gupi. Si samaki wa kuliwa. Dume hafikii urefu wa kidole gumba cha mtu mzima, na jike ni mkubwa kuliko yeye. Afugaye kuku hupata yai, afugaye sungura hupata nyama. Afugaye gupi hapati kitu cha kutia chunguni. Hupata kitu cha kutazama jioni, na watoto wake hupata kazi ya kila siku isiyoruhusu uvivu. Kwetu sisi hiyo yatosha.

Twaandika habari hii kwa sababu tuliwaua. Ni vema kusema hivyo tangu mwanzo, msije mkadhani kwamba tulizaliwa na maarifa haya.

Mwaka juzi, wakati wa likizo kubwa ya kiangazi, mjomba wa binti yetu alimletea gupi kumi na wawili katika mtungi wa kioo. Mtoto alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miezi. Fundi wa madirisha alikuwa ametutengenezea sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 50, upana wa 30 na kimo cha 30. Asubuhi ile ile tukatandika changarawe ndani yake, tukalijaza maji ya bomba, tukawasha chujio dogo la sponji, na kabla ya saa sita samaki walikuwa wakiogelea. Tukawapa chakula, wakala. Tukawapa tena, kwa maana kila mgeni aliyeingia alitaka kuwaona wakila.

Siku ya tatu maji yakawa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Tukaona haya: tumewaweka samaki wa mtoto katika uchafu! Basi tukamwaga maji yote, tukasugua kioo kwa sabuni, tukaziosha changarawe kwa maji ya moto, tukaifua sponji ya chujio mpaka ikatakata, tukajaza maji mapya yenye kung'aa. Mtu angaliweza kusoma gazeti kupitia sanduku lile. Siku ya sita samaki walikuwa juu kabisa ya maji wakihema, mapezi yamebanwa mwilini. Siku ya nane tulikuwa tumekwisha kuzika kumi na mmoja chini ya mgomba. Alibaki jike mmoja wa rangi ya majivu, yule ambaye hakuna mgeni aliyemsifu.

Binti yetu hakulia mbele yetu. Aliuliza tu: "Mbona maji yalikuwa safi?"

Tulikosa jibu. Tukamwita jirani yetu, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kazi ya kupima maji, aje atutazamie. Hakumtazama samaki kwanza. Alitoa sponji yetu nyeupe, akaikamua, akainusa, akatikisa kichwa. "Wanangu," akasema, "mmewafukuza wafanyakazi wote wa nyumba hii."

Na hivi ndivyo alivyotueleza. Samaki hula, na akila hutoa taka, sehemu kubwa kwa njia ya matamvua yake, yaani pale pale anapovutia pumzi. Taka hiyo ni amonia. Chakula kilichobaki chini kikaoza, nacho huzaa amonia. Katika mto haina neno, kwa maana maji huichukua na kuitawanya. Katika sanduku la lita 40 haina pa kwenda. Haina rangi, wala haiyatii maji ukungu, na kiasi kidogo kisichofikia pua ya mtu chatosha kuyaunguza matamvua ya samaki. Ndiyo maana maji yaweza kung'aa kama kioo na huku ni sumu.

Lakini kuna bakteria wasioonekana kwa macho ambao chakula chao ni amonia hiyo hiyo. Hushikamana na sponji, na changarawe, na kioo. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa sababu huiharibu damu ya samaki isiweze kuchukua oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo haidhuru upesi: sehemu yake huliwa na majani ya majini, sehemu nyingine twaitoa sisi tunapobadili maji. Bakteria hawa hukua polepole sana. Katika sanduku jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kufikia hesabu ya kutosha, na maji yakiwa baridi huchukua muda zaidi.

Ule weupe wa siku ya tatu ulitoka kwa bakteria wa namna nyingine, walioshiba makombo ya chakula tulichozidisha. Kama tungalipunguza chakula na kubadili maji kidogo kidogo, ungaliondoka wenyewe. Sisi, kwa sabuni yetu na maji ya moto, tuliwaua wale wachache wenye faida waliokuwa wameanza kazi, kisha tukawaacha samaki kumi na wawili waendelee kutoa amonia katika maji mazuri ya kutazamwa.

Binti alisikiliza yote, kisha akauliza: "Babu, huyu mmoja naye atakufa?"

"Mjukuu wangu, yeye peke yake hatoi taka nyingi. Mkiwa na subira, yeye mwenyewe atawalisha wafanyakazi wapya."

Tukafanya alivyotuagiza. Kila asubuhi tulitoa lita 10, yaani robo ya maji, tukarudisha lita 10 zilizokaa katika ndoo wazi tangu jana yake. Sababu ya kuyalaza maji ni klori. Maji ya bomba hutiwa klori ili iue vijidudu vya maradhi, na kwa watu ni jambo jema. Lakini haichagui, huwaua na bakteria wa sponji na kuyachoma matamvua ya samaki. Katika ndoo wazi huondoka kwa siku moja hivi. Iko miji mingine inayotumia kloramini badala yake, nayo haiondoki kwa kulazwa. Huko hakuna budi kununua dawa ya kuiondoa.

Chakula cha yule jike kilikuwa kidogo mara moja kwa siku, na Jumapili hakupewa kitu. Wageni walituona wakali.

Wiki ya tatu, asubuhi na mapema, tulisikia makelele sebuleni. Binti yetu alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo na taa ya mkononi. Kati ya majani kulikuwa na vitu vidogo kama vipande vya uzi vyenye macho. Alihesabu kumi na vinne. Dume wa mwisho alikuwa amekwisha kufa karibu wiki tatu, na mtoto akatuuliza swali ambalo wazazi hawapendi kuulizwa kabla ya chai.

Gupi hatagi mayai kama tilapia. Hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa hai, tayari kuogelea. Mimba yake ni wiki 3 hadi 4 hivi, kwa kadiri ya joto la maji. Tena jike akikutana na dume mara moja, aweza kuitunza mbegu yake mwilini kwa miezi mingi na kuzaa mara kadhaa bila kumwona dume tena. Kwa hiyo ninyi mnaonunua jike mmoja "ili wasizaane", jueni kwamba mmekwisha kununua ukoo mzima.

Kwao hasa ni Amerika ya Kusini upande wa kaskazini, katika Venezuela na nchi za jirani, na katika visiwa kama Trinidad. Mwaka 1859 mtaalamu Mjerumani Wilhelm Peters aliwaandika kwa jina la Poecilia reticulata kutokana na samaki wa Venezuela. Mwaka 1866 Robert John Lechmere Guppy, aliyekaa Trinidad, alipeleka samaki kama hao London, na huko Albert Günther akawaita kwa jina lake, akidhani ni wapya. Wataalamu baadaye walirudi kwa jina la Peters, kwa kuwa ndilo la kwanza. Lakini watu wa sokoni hawakujali, wakaendelea kusema gupi mpaka leo.

Turudi nyumbani. Kwanza hesabu ya samaki. Sanduku kama letu, lenye lita 40 za maji, lawatosha gupi wakubwa wanane au kumi, wasizidi. Na wawe madume wachache, majike wengi: kila dume apate majike wawili au watatu. Dume wa gupi hana kazi nyingine ila kumfuata jike mchana kutwa. Madume watatu kwa jike mmoja watamchosha hata augue. Dume mtamtambua kwa rangi zake, na kwa pezi la chini ya tumbo lililorefuka kama kijiti. Vitoto huanza kuonyesha alama hiyo katika wiki ya 4 hadi ya 6. Asiyetaka wazaane awatenge hapo hapo, maana hawangojei kuwa wakubwa.

Bakuli la mviringo tunalikataa kabisa. Ni zuri juu ya meza, lakini maji yake ni machache, na mdomo wake mwembamba hauruhusu hewa kuingia vya kutosha. Sanduku pana na fupi ni bora kuliko refu na jembamba. Fundi wenu atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, na meza iwe imara: lita 40 ni kilo 40, mbali na kioo na mawe.

Kuhusu chakula, hapa ndipo samaki wengi wanapouawa kwa wema. Tumbo la gupi ni dogo kama jicho lake. Wapewe kidogo mara mbili kwa siku, kile wanachoweza kukimaliza katika dakika mbili. Kinachozidi ni amonia ya kesho. Chakula cha dukani ni kizuri ila ni ghali. Sisi huwapa pia sambaza kavu zisizotiwa chumvi, tulizozisaga zikawa unga, na jani la lengalenga lililochovywa katika maji ya moto likalainika. Viluwiluwi vya mbu ni karamu yao. Lakini msiache ndoo ya viluwiluwi uani mkaisahau, la sivyo mtakuwa mmefuga mbu wa kuwauma majirani. Mkate hapana. Vitoto wapewe unga ule ule uliosagwa sana, mara tatu au nne kwa siku, kidogo mno. Na wawekewe majani mengi ya kujificha, kwa sababu mama yao mwenyewe huwala. Wale kumi na wanne wa kwetu walipona tisa.

Sasa neno kuhusu mji wetu wa Bukavu. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wetu ni wa baridi. Gupi hupenda maji ya digrii 24 hadi 26. Kati ya 22 na 28 huishi vema. Chini ya hapo huishi, lakini huwa mzito na maradhi humshika upesi. Mwenye uwezo anunue kipasha maji kidogo chenye kipimajoto. Asiye nacho aliweke sanduku katika chumba chenye joto kuliko vyote, mbali na mlango, si juu ya saruji, na usiku alifunike ubavuni kwa blanketi. Kinachomdhuru samaki zaidi ni joto linaloruka ghafula, kwa hiyo maji ya kubadili na yalale chumba kimoja na sanduku.

Tena, umeme hukatika. Umeme ukikatika chujio husimama, na bakteria wa sponji, ambao nao huvuta oksijeni, huanza kufa. Tumejifunza kufanya hivi: tusiwape samaki chakula mpaka umeme urudi, tuchote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kumi au ishirini kila saa, ili yachukue hewa, na kama giza limedumu usiku kucha, kabla ya kuwasha chujio tunaisuuza sponji, ili uozo uliomo usirudi kwa samaki. Mwenye samaki wachache katika maji mengi hulala usingizi usiku kama huo. Mwenye samaki thelathini halali.

Na sponji isuuzwe namna gani? Katika ndoo ya maji yaliyotolewa sandukuni, ikikamuliwa mara mbili tatu, basi. Irudi kahawia. Kamwe isioshwe chini ya bomba, wala kwa sabuni. Twajua akina mama hawapendi kusikia hivyo. Hata nyumbani kwetu ilikuwa kesi. Tangu sanduku lilipokomaa, twabadili robo ya maji mara moja kwa wiki, kila Jumamosi, pamoja na kunyonya uchafu wa changarawe kwa mpira mwembamba.

Nyumba nyingi hapa hukinga maji ya mvua kwenye mabati. Hayana klori, na mtu angedhani ni bora. Lakini maji ya mvua hayana madini, na gupi ni samaki wa maji yenye chokaa. Katika maji ya mvua matupu mapezi hubanwa na samaki hukonda. Changanyeni nusu kwa nusu na maji ya bomba yaliyolazwa, au tieni kipande cha jiwe la chokaa lililooshwa vizuri.

Sasa maradhi. Samaki mwenye vidonda vyeupe kama chembe za chumvi ana ugonjwa wa kidudu kiitwacho Ichthyophthirius. Kidudu hiki kikiiva huanguka kutoka mwilini, huzaana chini, na watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwapata wakati huo wa kuogelea tu. Kwa hiyo alama zikitoweka msifurahi mapema. Endeleeni siku kadhaa. Mzee wetu hutia chumvi gramu 2 kwa kila lita, yaani gramu 80 kwa sanduku letu, akiiyeyusha kwanza na kuitia kwa mafungu katika siku nzima, na hupandisha joto polepole mpaka digrii 28. Kumbukeni kwamba chumvi haipai hewani na maji: mkibadili lita 10, rudisheni gramu 20 tu. Majani ya majini mengine huumizwa nayo.

Mkia uliochanika na kuoza kingo zake mara nyingi ni kilio cha maji mabaya. Badilini maji kabla ya kukimbilia dawa. Minyoo myekundu inayochungulia nyuma ya samaki huhitaji dawa ya minyoo ya mifugo iitwayo levamisoli, na kipimo chake akitoe mganga wa mifugo. Samaki aliyekonda na mgongo umepinda atengwe.

Twawasihi jambo moja: msifungue kapsuli za antibiotiki za watu na kuzimimina sandukuni. Tumewaona wanaofanya hivyo. Huwaua bakteria wa sponji, amonia hupanda, samaki hufa na dawa inalaumiwa. Tena maji yale yakimwagwa uani huwafundisha vijidudu vya maradhi kuizoea dawa ambayo kesho itahitajiwa na mtoto. Na dawa ya kupuliza ya mbu isipulizwe katika chumba cha samaki. Huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Kama lazima kupuliza, lihamisheni chujio la hewa na lifunikeni sanduku kwa nailoni na nguo nzito mpaka chumba kipate hewa.

Kuna na maradhi ya mfugaji. Mwenye jeraha mkononi asiutie mkono majini, kwa kuwa kuna bakteria wa samaki wawezao kuzaa kidonda kisichopona upesi. Wala wanafunzi wasitoe majani na konokono kijitoni au ziwani kwa ajili ya kupamba sanduku. Konokono wa majini katika nchi zetu huchukua vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo huingia katika ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Majani yachukuliwe kwa mfugaji mwenzenu.

Samaki mpya naye akae peke yake wiki mbili katika chombo kingine kabla ya kuchangamana na wenzake. Tuliliruka jambo hili mara moja tu, kwa ajili ya dume mmoja mwenye mkia wa buluu, likatugharimu mwezi mzima wa chumvi. Hata hivyo dume wa nje anahitajika: ndugu wakioana vizazi kwa vizazi, watoto huzaliwa dhaifu. Badilishaneni madume na nyumba nyingine.

Mwishoni mwa mwaka ule tulikuwa na gupi zaidi ya arobaini katika sanduku la samaki kumi. Binti yetu, kwa huruma, akaja na shauri: tuwapeleke Ziwa Kivu, wakae huru, wale viluwiluwi, malaria ipungue. Shauri hilo si la kitoto. Watu wazima wamelifuata katika nchi nyingi za dunia, wakawatia gupi mitoni ili wale viluwiluwi. Katika pipa au birika la maji lililofungwa, gupi huweza kusaidia. Lakini mbu wa malaria huzaa pia katika vidimbwi na nyayo za ng'ombe, mahali ambapo samaki hawezi kuishi, na chandarua bado ndicho kinga ya kitandani.

Mzee jirani akamuuliza: "Mjukuu wangu, sambaza unaowala walizaliwa wapi?" Akajibu: "Ziwani, Babu." Akamwambia kwamba kabla ya mwisho wa miaka ya 1950 hapakuwa na sambaza katika Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, wakazaana, na leo ni kitoweo na riziki ya watu wengi. Hilo lilikuwa la faida kwa watu. "Lakini je, kama lingalikuwa la hasara, nani angaliwatoa?" Samaki akiisha kuingia ziwani hatoki tena. Kivu ina samaki wake wasiopatikana penginepo duniani, na Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za jamaa ya tilapia, karibu wote ni wa huko tu. Gupi huzaa upesi, hula vitoto vya wengine, tena aweza kupeleka maradhi ya sandukuni. Hata maji ya kubadili tunayamwaga kwenye miti ya bustani, si katika mfereji uendao ziwani. Migomba yetu imeyapenda.

Basi tukaamua kuwagawa samaki. Wanafunzi wenzake wakaja na makopo na chupa, kila mmoja akitaka kurudi na samaki siku ile ile. Binti yetu aliwakatalia. Ana daftari ambamo huandika joto la maji kila asubuhi, siku ya kubadili maji, waliozaliwa na waliokufa; akawafungulia ukurasa wa kwanza, wenye majina kumi na moja. Kisha akachukua mkasi, akaikata sponji yake kuukuu vipande vidogo, akawapa kila mmoja kimoja katika mfuko wenye maji. Kilikuwa cha kahawia na chenye utelezi, na mmoja wao akakunja pua. Aliwaambia wakakitie leo hii katika masanduku yao, karibu na chujio, watie chembe ya chakula kila siku kama kwamba samaki wamo, na warudi baada ya wiki nne kuchukua samaki wawili wawili. Watatu wamekwisha kurudi.